Fundi, mita hizi umezipima wapi?

Kati ya Desemba na Machi, mkazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa haulizwi sana habari za asubuhi. Huulizwa habari za usiku. "Umelalaje na joto hili?" Na jibu lake aghalabu ni kutikisa kichwa, au masimulizi ya mkeka uliotandikwa barazani mpaka mbu walipowarudisha watu ndani. Huu ndio msimu ambao mafundi wa dari hupata wateja wengi, na ndio msimu ambao wenye nyumba hutoa fedha nyingi kwa haraka. Leo ningependa tuzungumze juu ya kipande kimoja cha karatasi kinachopita kati ya watu hao wawili, nacho ni makadirio ya fundi.

Wengi wetu hatujengi nyumba kwa mkupuo. Mwaka huu msingi, mwaka kesho tofali, mwaka wa tatu kenchi na bati. Bati likishapanda tunahamia, kwa kuwa kodi ya nyumba ya kupanga haingoji. Dari hubaki kuwa deni. Miaka mitano hupita, pengine kumi, watu wanaishi chini ya bati tupu. Siku fedha zinapopatikana, iwe ni kiinua mgongo, iwe ni zamu ya upatu, au ni mtoto aliyepata kazi, fundi huitwa. Fundi hutazama juu, hutembea vyumba viwili vitatu, huandika karatasi, na mwenye nyumba huikimbilia sehemu moja tu ya karatasi ile, yaani mstari wa mwisho wenye jumla.

Mimi nasema mstari wa mwisho uwe wa mwisho kusomwa.

Lakini kabla ya kusoma karatasi, yafaa tujue tunachokinunua. Bati ni chuma chembamba, unene wake haufiki hata nusu milimita. Saa saba za mchana, jua likiwa utosini, bati lililokwisha kupata kutu au lililopakwa rangi nzito linaweza kufika nyuzi joto 60 na kuzidi. Hapo bati huwa kama kikaango kilichofunikizwa juu ya vichwa vyetu. Joto lake hutufikia hasa kwa njia ile ile ambayo joto la jiko la mkaa humfikia mtu aliyeketi pembeni yake bila kuligusa, kwa kumulika. Ndiyo maana unaweza kufungua madirisha yote, upepo ukapita, na bado utosi ukahisi kuwaka.

Wazee wetu waliijua dawa ya jambo hili bila kwenda chuo. Paa la makuti ni nene, lina hewa nyingi katikati ya matabaka yake, na lenyewe linapitisha hewa. Halikufanya nyumba kuwa tanuri. Tuliliacha kwa sababu za haki: moto, mvua, panya, na kazi ya kuezeka upya kila baada ya miaka michache. Tukachukua bati, tukapata amani na mvua, tukapoteza amani na jua. Dari ni jaribio la kuirudisha amani hiyo ya pili.

Sasa, dari hurudisha kiasi gani? Hapa ndipo maneno yanapoanza kuuzwa. Siku hizi kila kitu kinachowekwa chini ya bati huitwa "kizuia joto". Ubao wa jipsamu huitwa kizuia joto. Karatasi inayong'aa kama fedha huitwa kizuia joto. Plastiki laini yenye viputo huitwa kizuia joto. Vyote vinasaidia kwa namna fulani, lakini havilingani hata kidogo. Ubao wa jipsamu wa milimita 9, ukiupima wenyewe peke yake, ni dhaifu. Tabaka la sufi ya nyuzi za kioo lenye unene wa milimita 50 lina nguvu ya kuzuia joto zaidi ya mara 20 ya ubao huo. Kinachokusaidia unapoweka jipsamu ni kwamba umekata mwanga wa joto unaotoka kwenye bati, na umeunda chumba cha hewa kati ya bati na wewe. Hewa ile ikitulia bila pa kutokea, nayo hupata moto na kuushusha. Hivyo dari bila matundu ya kutolea hewa ya juu ni kazi nusu.

Karatasi ya fedha nayo ina masharti yake. Haifanyi kazi kwa unene, maana haina unene. Inafanya kazi kwa kung'aa. Uso unaong'aa hurudisha mwanga wa joto unaoujia, na wenyewe hautoi mwanga mwingi wa joto kwenda upande wa pili. Lakini ili uso huo ufanye kazi ni lazima mbele yake pawe na nafasi ya hewa. Ukiubana kwenye ubao au kwenye bati pasiwe na nafasi, umenunua pambo. Na ukiulaza ukitazama juu, vumbi la Dar es Salaam litaufunika na mng'aro wake utapungua mwaka hadi mwaka. Uso unaong'aa utazame chini, na chini yake pawe na hewa.

Kuna jambo jingine la kuangalia. Vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa katika nchi za baridi. Huko Uingereza, ushauri wa kawaida ni kuweka juu ya dari sufi yenye unene wa milimita 270. Mwingereza anafanya hivyo ili joto la ndani lisitoke. Sisi tunataka joto la juu lisiingie. Vifaa vinaweza kufanana, lakini shida ni tofauti, na muuzaji anayekunukulia unene wa Ulaya kwa nyumba ya Mbagala anakuuzia koti la theluji.

Baada ya hayo, tuje kwenye karatasi yenyewe.

Mwaka jana shangazi yangu aliniita nyumbani kwake. Ni mwalimu mstaafu, na nyumba yake ni ya vyumba vitatu vya kulala, chini ya bati tupu kwa miaka kumi na mmoja. Jambo lililomsukuma halikuwa fahari ya nyumba. Mumewe alipata kiharusi, na tangu hapo mchana kutwa yumo kitandani katika chumba cha nyuma. Mtu mzima mwenye afya akishindwa na joto hutoka nje akakaa chini ya mwembe. Mzee yule hawezi kutoka mpaka abebwe. Shangazi alikuwa amebakiwa na shilingi 4,000,000 za kiinua mgongo, na alikuwa na karatasi tatu za mafundi watatu.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe unasema redioni kila wiki. Nisomee hizi, uniambie nani mwizi."

Nikamwambia, "Shangazi, tusianze na mwizi. Tuanze na futi kamba."

Karatasi ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja. Iliandikwa: "Dari nyumba nzima, vifaa na ufundi, 5,200,000." Basi. Hakuna idadi ya mbao, hakuna aina ya ubao, hakuna rangi, hakuna siku ya kumaliza. Ndugu wasikilizaji, karatasi ya namna hii huwezi kusema ni ghali wala ni rahisi, kwa kuwa haikuambii unanunua nini. Fundi akiweka jipsamu nyembamba, ametimiza. Akiweka mbao mbichi zitakazopinda, ametimiza. Akiacha maungio bila kuyaziba, vile vile ametimiza, maana neno lake lilikuwa "dari", na dari ipo. Shangazi alimpigia simu akamwomba aichambue. Akajibu kwamba yeye ni fundi wa siku nyingi, hana haja ya kuandika mambo madogo madogo. Tukaiweka karatasi ile kando, bila ugomvi. Huenda ni fundi hodari, lakini shilingi milioni tano haziwezi kuongozwa na huenda.

Karatasi ya pili ilikuwa na mistari kumi, na jumla yake ilikuwa 3,950,000. Hii ilinipendeza mara moja, kwani karatasi yenye mistari inaweza kuulizwa maswali. Mbao za jipsamu 42, kila mmoja 26,000, jumla 1,092,000. Mbao za mbili kwa mbili vipande 90, kila kimoja 6,000, jumla 540,000. Ufundi mita za mraba 109, kila mita 7,000, jumla 763,000. Karatasi ya fedha roli 5, jumla 650,000. Kisha skrubu na misumari 45,000, mikanda ya pembezoni 180,000, unga wa kuziba maungio pamoja na rangi 480,000, dawa ya mchwa 60,000, usafiri 140,000. Mstari wa kumi ulisema kazi ingechukua siku kumi na mbili.

Tukachukua futi kamba. Sebule mita 5 kwa 4, ni mita za mraba 20. Chumba cha kwanza 4 kwa 3.5, ni 14. Cha pili 3.5 kwa 3, ni 10.5. Cha nyuma 3 kwa 3, ni 9. Jiko 3 kwa 2.5, ni 7.5. Bafu 2 kwa 2, ni 4. Ukumbi mwembamba wa katikati 7.5 kwa 1.2, ni 9. Ukijumlisha unapata mita za mraba 74. Karatasi inasema 109.

Ubao mmoja wa jipsamu wa kawaida una urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.2. Zidisha, unapata mita za mraba 2.88. Gawanya 74 kwa 2.88, unapata karibu 26. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya vipande vinavyokatwa na kuvunjika, unapata 29. Karatasi inasema 42. Tofauti ni mbao 13, sawa na shilingi 338,000.

Shangazi akanitazama kwa jicho la mwalimu aliyemkamata mwanafunzi na kibomu. "Si nilikwambia?" Nikamwomba tumwite fundi kwanza.

Fundi alikuja jioni, akasalimu, akakaribishwa chai. Nikamuuliza swali moja tu: "Fundi, mita hizi umezipima wapi?"

Akajibu bila kusita. Alipima nje. Paa lile, kutoka ukingo wa bati mpaka ukingo wa bati, lina urefu wa mita 11.5 na upana wa mita 9.5. Zidisha wewe mwenyewe, utapata 109. Alidhani shangazi anataka dari mpaka kwenye varanda na mapaa yanayojitokeza nje ya kuta, kama alivyofanya katika nyumba ya jirani. Alikuwa amehesabu pia unene wa kuta zote za ndani na za nje, kwa kuwa aliyepima nje hawezi kuuona. Hakuwa mwizi. Alikuwa amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Hili nataka tulishike, maana ndilo kiini cha mazungumzo ya leo. Ugomvi mwingi kati ya fundi na mwenye nyumba hauanzii kwenye wizi. Unaanzia kwenye kazi ambayo kila mmoja ameiona kichwani mwake kwa namna yake, na hakuna aliyeitamka. Mwenye nyumba anasema "niwekee dari" akimaanisha vyumba. Fundi anasikia "niwekee dari" akimaanisha paa zima. Kila mmoja anakwenda kulala akiwa ameelewana na mwenzake, na wote wawili hawajaelewana.

Tukairekebisha karatasi pale pale. Jipsamu 29 badala ya 42, pungufu 338,000. Mbao za mbili kwa mbili vipande 62 badala ya 90, pungufu 168,000. Ufundi mita 74 badala ya 109, pungufu 245,000. Jumla ya vilivyopungua ni shilingi 751,000, na makadirio yakashuka kutoka 3,950,000 hadi 3,199,000. Karatasi ya fedha hatukuipunguza, kwa sababu hiyo hufuata mteremko wa paa na si sakafu ya chumba.

Lakini juu ya karatasi hiyo ya fedha nilikuwa na swali la pili. Fundi alikusudia kuilaza juu ya jipsamu, upande unaong'aa ukiwa chini, umebanwa na ubao. Tukamweleza habari ya nafasi ya hewa. Kwa kweli hakubisha. Alisema alipofundishwa kazi aliambiwa ing'ae chini, hakuambiwa kwa nini. Tukakubaliana aipige pini chini ya mbao za kenchi, ikifuata mteremko, ili juu yake pawe na hewa hadi kwenye bati na chini yake pawe na hewa hadi kwenye dari. Akasema hiyo ni kazi ya kulala chali juu ya ngazi, akaomba nyongeza ya ufundi ya shilingi 60,000. Shangazi akataka kupunguza. Nikamsihi asipunguze, kwani kazi imeongezeka na malipo yaongezeke. Jumla ikawa 3,259,000.

Ikabaki karatasi ya tatu, ile iliyokuwa kipenzi cha shangazi tangu mwanzo. Jumla yake ilikuwa 1,950,000. Ukiziweka zote tatu mezani, macho hukimbilia hiyo. Tukaisoma. Ilikuwa na jipsamu, mbao, misumari na ufundi. Haikuwa na mikanda ya pembezoni. Haikuwa na unga wa maungio wala rangi. Haikuwa na dawa ya mchwa. Haikuwa na usafiri. Karatasi ya fedha haikutajwa kabisa. Unene wa jipsamu haukuandikwa, wala ukubwa wa mbao.

Tulichukua bei za karatasi ya pili, tukavijaza vilivyokosekana: mikanda 180,000, unga na rangi 480,000, dawa 60,000, usafiri 140,000, karatasi ya fedha 650,000. Hiyo ni nyongeza ya 1,510,000. Karatasi ya 1,950,000 ikawa 3,460,000. Ile iliyokuwa rahisi kuliko zote ikaipita ya pili kwa zaidi ya laki mbili. Na hapo bado hatujaweka yale ambayo hutokea siku ya nne ya kazi, wakati dari limefunguliwa nusu na fundi anakuja kusema, "Mama, sasa inahitajika ile nyingine." Siku hiyo mwenye nyumba hana nguvu ya kukataa. Vitanda viko nje, vumbi liko kwenye sufuria, mgonjwa yuko sebuleni. Atalipa chochote.

Waswahili husema rahisi inavunja upishi. Mimi naongeza kwamba urahisi wenyewe mara nyingi si wa kweli. Karatasi mbili hazilinganishwi kwa jumla zake mpaka kwanza zilinganishwe kwa mistari yake. Chora mstari katikati ya karatasi tupu, andika kila kifaa upande wa kushoto, na bei ya kila fundi upande wa kulia. Palipo na tundu, uliza. Kazi hiyo haichukui nusu saa.

Ndugu wasikilizaji, naomba niseme pia neno kwa ajili ya fundi, kwa kuwa tabia yetu ni kumsema akiwa hayupo. Fundi naye anakula. Ana msaidizi wa kulipwa kila jioni, ana nauli, ana msumeno unaochakaa. Siku aliyokuja kupima hukumlipa kitu. Ukimkamua mpaka bei isiyotosha, atakubali, kwa sababu kesho watoto wake wanataka ada, lakini atajilipa kwa njia nyingine. Ataweka mbao kwa nafasi ya mita moja badala ya sentimita 60, na baada ya masika mawili dari litabonyea katikati kama godoro la nyumba ya wageni. Utakuwa umeokoa laki moja na kupoteza dari. Punguza kwa hesabu, usipunguze kwa mabishano. Hesabu ya jipsamu 42 kuwa 29 haikumnyang'anya fundi yule hata senti moja ya haki yake.

Juu ya malipo, nina machache. Kwanza, fedha za vifaa na fedha za ufundi zisichanganywe. Shangazi alikwenda na fundi dukani, akalipa mwenyewe, akachukua risiti ya mashine yenye jina lake. Fundi alichagua, yeye akalipa. Pili, ufundi ulipwe kwa hatua zinazoonekana kwa macho. Theluthi moja mbao na karatasi ya fedha zikiwa juu, theluthi nyingine jipsamu ikiwa imekwisha kupigwa, na iliyobaki rangi ikiwa imekauka. Tatu, makubaliano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, yawe na vipimo, unene, siku za kazi, na nani atagharamia kilichovunjika. Wote wawili wasaini, na shahidi wa kila upande. Hata baina ya ndugu, maandishi si dalili ya kutoaminiana. Ni dawa ya usahaulifu. Na kama kazi yako ni kubwa na unaitoa kwa kampuni, uliza usajili wake. Tangu Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya mwaka 1997 tunayo Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na kandarasi halali haoni haya kuonyesha cheti chake.

Yapo pia mambo ya usalama ambayo hayaandikwi katika makadirio, na yafaa uyaulize. Nyaya za umeme zinazopita juu ya dari zikaguliwe kabla dari halijafungwa, na ziwe ndani ya mabomba yake. Taa zinazozamishwa darini zisifunikwe na sufi wala kitu chochote, maana zinahitaji kupoa. Anayeweka sufi ya nyuzi za kioo avae glavu na afunike pua na mdomo. Matundu ya hewa yawekewe wavu, la sivyo utakuwa umewajengea popo nyumba. Na kama paa lako ni la asbesto za zamani, usimruhusu mtu yeyote alitoboe, alikate wala alisugue. Vumbi lake huleta saratani, na huonyesha madhara baada ya miaka mingi, wakati fundi na mwenye nyumba wote wamekwisha kusahau.

Je, yule ambaye hana milioni tatu? Wengi wanaonisikiliza wako hapo, nami sikuwasahau. Kwanza, toa hewa ya juu. Matundu mawili yanayotazamana, kila upande wa kuta za pembetatu za paa, hugharimu kidogo. Pili, tazama rangi ya bati. Rangi nyeupe safi hurudisha angani zaidi ya nusu ya nguvu ya jua, na nyeusi hurudisha kidogo mno. Bati kuukuu likisuguliwa kutu na kupakwa nyeupe hupoa kwa kiasi ambacho mkono wenyewe unakihisi, nawe hujagusa ndani ya nyumba. Anayenunua bati jipya la rangi afikirie hilo kabla ya kuvutiwa na wekundu wa damu ya mzee au kijani kibichi cha jirani. Tatu, anza na chumba kimoja. Chumba cha mita 3 kwa 3 kinahitaji mbao nne za jipsamu. Chagua chumba cha anayeteseka zaidi, usichague chumba cha wageni. Nimeona nyumba nyingi ambazo sebule ina dari la mapambo na taa za rangi, na bibi wa nyumba analala chini ya bati tupu.

Shangazi alilifuata shauri hilo la mwisho ingawa fedha zilitosha. Kazi ilianzia chumba cha nyuma. Katika shilingi 741,000 zilizobaki, alitoa kiasi kwa matundu ya hewa yenye wavu, na nyingine aliziweka kwa ajili ya mazoezi ya viungo ya mumewe hospitalini. Sikupima chumba kile kwa kipima joto, kwa hiyo sitawapa tarakimu. Nitawaambia tu kwamba mzee sasa hulala usingizi baada ya chakula cha mchana, jambo ambalo kwa miezi minane halikuwezekana, na mkewe naye hupata saa mbili za kupumzika bila kushika kipepeo.

Basi, ndugu wasikilizaji, fundi akikuletea makadirio, usiyaendee na hasira wala na haya. Muulize mambo matatu. Mita hizi umezipima wapi? Kitu gani hakimo katika karatasi hii? Na hiki unachokiita kizuia joto, kinazuia kwa njia gani? Fundi anayeijua kazi yake atafurahi kuulizwa, kwa kuwa ni nadra kuulizwa. Asiyeijua atakasirika, na hasira yake itakuwa jibu, tena jibu la bure, kabla hujatoa hata shilingi moja.

Tunazo nyumba nyingi za kujenga katika nchi hii, na fedha za kujengea ni kidogo. Futi kamba moja si ghali. Kila nyumba yenye ufagio iwe na futi kamba.

Tukijaliwa, tutaonana wiki ijayo saa kama hii. Kwa herini.